Maneno Elfu Hamsini Kwenye Chumba cha Kufulia

Jumamosi, 1 Novemba

Nimeanza. Yaani nimeanza kuandika kwamba nimeanza. Riwaya yenyewe bado.

Asubuhi nilikwenda makaburini kumwashia Gunilla mshumaa, kama mji mzima unavyofanya siku ya leo, ya kuwakumbuka marehemu. Theluji nyembamba, upepo wa baharini unakata masikio. Nikamwambia kwa sauti ya chini, maana kaburi la jirani lilikuwa na wageni: "Safari hii kweli, mke wangu. Mwezi huu naandika." Kisha nikarudi nyumbani nikaingia kwenye chumba.

Hicho chumba nakieleza hapa, ingawa msomaji wa daftari hili ni mimi peke yangu. Tulipohamia jengo hili miaka ishirini na minane iliyopita kulikuwa na chumba kimoja cha ziada, kidogo, dirisha lake linatazama uani. Gunilla alikuwa mshonaji. Mimi nilikuwa fundi wa lifti (naishi, cha kuchekesha, kwenye jengo lisilo na lifti) niliyemwambia kila mtu kwamba siku moja nitaandika riwaya. Kazini, harusini, kwenye foleni ya benki, nilisema. Chumba kikawa changu. Yeye akashona kwenye meza ya jikoni miaka ishirini na sita, anakusanya vitambaa kila tukitaka kula. Watu wakimuuliza mbona hana pa kushonea, jibu lake lilikuwa moja: "Birger anahitaji mahali pa kuandika." Amefariki miaka miwili sasa. Kwenye droo ya meza yangu mna kurasa kumi na moja.

Basi ndiyo maana nimejiandikisha. Habari aliileta Tuva wa ghorofa ya pili, yule dada anayefanya kazi kwa daktari wa meno. Maneno elfu hamsini kwa siku thelathini. Duniani kote watu wanafanya hivyo kila Novemba, kila mtu na riwaya yake, hakuna kufuta, hakuna kurudi nyuma kusahihisha. Ni maneno 1,667 kwa siku. Alibandika tangazo kwenye chumba cha kufulia, tukajitokeza wanne pamoja naye.

Leo: maneno 212.

Jumapili, 2 Novemba

Kikao cha kwanza, saa nne asubuhi, chini kwenye chumba cha kufulia. Kuna joto, kuna meza ndefu ya kukunjia mashuka, na simu hazishiki huko. Tuva ametuandikisha kwenye chama cha elimu ya watu wazima kama kikundi cha kujisomea, kwa hiyo tunalipiwa kahawa na lazima tutie sahihi kwenye orodha ya mahudhurio. Hapa kwetu watu watatu hawawezi hata kuimba pamoja bila orodha ya mahudhurio.

Solveig wa chini, miaka sabini na tisa, aliyekuwa mpishi wa shule, ameshatutawala. Ameamua kwamba tunaandika mashine ikizunguka. "Mashine ikianza, kalamu inaanza. Ikimaliza kukamua, mnapumzika mnakunywa kahawa. Hakuna mdomo katikati." Nguo za digrii sitini zinachukua saa moja na dakika kumi.

Wa nne ni Amir wa ghorofa ya tatu, dereva wa basi. Anaandika riwaya ya mauaji. Kila abiria anayepanda bila kumsalimia anakufa.

"Leo nimeua wawili kabla ya kituo cha bandarini," alisema wakati wa kahawa.

"Mimi huwa nakusalimia, lakini?" Tuva akauliza.

"Wewe salama. Mumeo ajiangalie."

Watu wa kelele. Nilikaa nikatazama povu likizunguka. Maneno 140.

Jumatatu, 3 Novemba

Maneno 95. Mvua ya theluji.

Jumanne, 4 Novemba

Niandike hili vile lilivyotokea.

Pembeni mwa ubao wa kuwekea zamu za kufua, ule wenye kufuli ndogo ya kila nyumba, Tuva amebandika karatasi yenye majina yetu manne. Kila mmoja anaandika jumla yake mpaka siku hiyo. Hakuna anayekagua. Hapa watu hawaulizi. Kumwomba mtu akuonyeshe kurasa zake ni sawa na kumwomba afungue kabati la nguo za ndani.

Solveig alitangulia: 6,700. Anaandika kwa mkono, anahesabu mistari, maneno kumi kila mstari. Akanipa kalamu akabaki amesimama pale pale, miwani kwenye ncha ya pua.

"Haya, fundi. Umefika wapi?"

Nilikuwa na maneno 640. Nikaandika 6,900.

"Loo!" akasema. "Huyu bwana alikuwa anatuvungia kumbe!"

Wakapiga makofi. Wote watatu. Na nilijisikia vizuri, hilo ndilo baya. Nilipanda ngazi kwa wepesi ambao sikuwa nao tangu nistaafu. Kisha nikaingia kwenye chumba, nikakaa, nikaangalia ukuta.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimeandika 10,300. Yaani nimeiandika hiyo namba. Maneno yenyewe 811.

Kuna mtu amebandika karatasi mlangoni: "CHUMBA HIKI NI CHA KUFULIA. Wanaoshika zamu bila nguo chafu wawafikirie wenzao." Imetiwa sahihi "Mmoja Wetu". Solveig akaisoma mara mbili, akaenda zake juu, akarudi na vitambaa vya meza sita vyeupe pe, akavitupa ndani ya mashine.

"Sasa vichafu," akasema, akabonyeza.

Tumekubaliana kila mmoja alete kitu cha kufua, kiwe kichafu kisiwe. Mapazia yangu hayajawahi kuwa safi hivi.

Jumapili, 9 Novemba

Siku ya akina baba. Binti yangu Malin alipiga simu kutoka Växjö, mji anakoishi, wakati nakunywa chai.

"Hongera, Baba. Tuva ameniandikia, anasema wewe ndiye unaongoza! Umefika wapi?"

Hapo ndipo ningeweza kusema. Nilikuwa na sekunde kama tatu hivi.

"Elfu kumi na tano na ushee," nikasema.

Kisha akasema, "Vizuri, Baba," kwa sauti ambayo sikuielewa. Hakuniuliza zaidi, wala mimi sikurefusha.

Kumdanganya mtoto wako siku ya akina baba. Pongezi, Birger.

Jumanne, 11 Novemba

18,600 kwenye karatasi. 1,904 kichwani na mezani. Solveig 18,400. Alinipiga jicho.

Jumatano, 12 Novemba

Hakuna kitu.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimejaribu kweli leo. Nilikaa tangu saa mbili asubuhi hadi saa sita. Riwaya yangu inahusu fundi wa lifti aliyekwama ndani ya lifti na mtu asiyemjua. Niliifikiria miaka thelathini, na sasa nimegundua kwamba sijui huyo mtu mwingine ni nani. Miaka thelathini wamesimama wawili humo ndani bila kuongea.

Naandika sentensi, naiona mbaya, naandika nyingine kuifunika. Kufuta ni marufuku, kwa hiyo uchafu wote unabaki pale unanitazama. Kuna wakati niliinua kichwa nikasikia kama Gunilla anasukuma kiti jikoni. Ni jirani wa juu.

Kama riwaya haipo, basi mwanamke yule alinyimwa chumba miaka ishirini na sita bure. Hesabu ni hiyo, haina pa kujificha. Ndiyo maana siwezi kuikiri ile namba, hata kwa watu watatu wanaofua mashuka safi.

Jumapili, 16 Novemba

Nilikuwa nimeanza kumwona Amir kama mpiga porojo tu. Leo mashine ilipokwisha alitusomea ukurasa mmoja: dereva amemaliza zamu, anapita viti akiokota vitu vilivyosahaulika, glavu ya mtoto, nusu ya mkate, na anamkumbuka mama yake ambaye hakuwahi kumuaga. Hakuna aliyekufa kwenye ukurasa huo. Tuva alijifuta macho kwa soksi.

"Na wewe, mzee Birger, tusomee kidogo," Tuva akasema.

"Bado mbichi," nikajibu.

Amir alinitazama kidogo, akainamia kahawa yake.

Kwenye karatasi: 28,200.

Jumanne, 18 Novemba

Solveig hakuja.

Baada ya kikao nilikwenda kumgongea. Alinifungulia kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umefungwa kwa kitu kigumu kuanzia vidole hadi karibu na kiwiko.

"Mshipa umevimba," akasema. "Daktari ananiambia wiki tatu nisishike hata kijiko. Kijiko! Mimi!"

Kwenye meza yake ya jikoni kulikuwa na madaftari manne ya buluu, na bakuli la barafu. Riwaya yake inahusu mpishi wa kambi ya wakata miti, mwanamke mmoja kati ya wanaume arobaini. Amefika 31,200.

"Ulizidisha," nikamwambia.

"Nilizidisha kwa sababu yako, bwana!" Akacheka, lakini macho yalikuwa mekundu. "Nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri. Nikishuka pale nakuta namba yako iko mbele. Mia mbili mbele, mia tatu mbele. Najiambia, haiwezekani, huyu fundi wa lifti anishinde mimi? Najikaza kisabuni, narudi mezani." Akapapasa bandeji. "Mwaka jana nilijaribu peke yangu, nikaachia njiani. Safari hii nilikuwa nafika, Birger. Kwa mwendo wako nilikuwa nafika."

Nilisema pole, nikasema atapona, nikasema mambo mengine ya kipuuzi. Kisha nikapanda ngazi.

Jumatano, 19 Novemba

Sikulala vizuri, na leo sijafanya lolote la maana isipokuwa kutembea ufukweni mpaka vidole vya miguu vikafa ganzi.

Najitetea hivi: sikumwambia aamke alfajiri. Ni kweli. Kila mtu na hesabu yake. Ni kweli pia. Halafu naona ule mkono. Mwanamke wa miaka sabini na tisa alikuwa anashindana na mtu ambaye hayupo. Nilimtengeneza mimi huyo mtu, na kusema kweli ndiye mhusika pekee niliyemtengeneza mwezi huu.

Nilidhani Solveig ni mama wa kuamrisha watu. Siku zote hizi nilikuwa namkwepa kwenye ngazi. Kumbe yeye ndiye pekee aliyeniamini kwa kiwango cha kujiumiza, ukimwacha yule aliyelala makaburini. Na wote wawili nimewalipa kwa upepo.

Kesho namwambia. Nimeandika hapa ili nisikimbie.

Alhamisi, 20 Novemba

Nilimpelekea supu ya njegere, maana ni Alhamisi, siku ambayo hapa kwetu kila nyumba hula supu hiyo, na kwa mkono mmoja hapiki. Nikamtengea. Nikakaa. Nikasema kabla hajaonja, kwa sababu angeonja nisingesema.

"Solveig, zile namba zangu ni za uongo."

"Zipi?"

"Zote. Tangu tarehe nne."

Akaweka kijiko chini. "Sema tena."

"Nina maneno elfu tatu."

"Elfu thelathini na tatu."

"Elfu tatu, Solveig. Na mia mbili na kitu."

Friji lilikuwa linanguruma. Nilitaka anitukane. Alipoongea sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia.

"Daktari aliniuliza, mama, nani amekulazimisha? Nikamjibu kwa majivuno, nikamwambia nina mwenzangu ananivuta." Akauinua ule mkono kidogo, akaurudisha mezani. "Sikuwa na mwenzangu yeyote."

"Nisamehe."

"Toka."

Nikainuka, nikachukua kofia yangu. Nikanyoosha mkono kuchukua na sufuria.

"Supu iache," akasema.

Ijumaa, 21 Novemba

Hakuna.

Jumamosi, 22 Novemba

Saa tatu asubuhi kengele ikalia. Solveig, amevaa koti la nje ingawa amepanda ngazi tu, madaftari kwapani.

"Sijakusamehe," akaanza, "usije ukafurahi bure. Chumba chako cha uandishi kiko wapi?"

Nikamwonyesha. Akasimama mlangoni akakagua: meza, taa, rafu ya kamusi, kiti kizuri cha ngozi. Akavuta stuli iliyokuwa pembeni akakaa.

"Una mikono miwili haina kazi. Mimi nina maneno hayana mkono. Bado elfu kumi na nane na mia nane, na siku tisa. Keti uandike."

"Mimi?"

"Kuna fundi mwingine wa lifti humu?"

Nikakaa. Akafumba macho akaanza, na mpishi wake akaanza kutembea. Nilijaribu kurekebisha sentensi ya tatu. Nilidhani simulizi ingependeza zaidi ikianza na theluji. Akanigonga begani kwa kidole.

"Nilisema 'akachukua ndoo akatoka'. Wewe umeandika nini?"

"'Huku theluji ikianguka polepole...'"

"Kwani ndoo ina shida gani?"

Nikarudisha ndoo. Saa tatu nzima tulifanya kazi. Maneno 2,150. Vidole vyangu vinawaka. Sijawahi kukaa kwenye kile kiti kwa saa tatu bila kuinuka, hata siku moja.

Jumapili, 23 Novemba

Leo chumba cha kufulia.

Nilitangulia nusu saa nikiwa na kalamu nyekundu. Kwenye mstari wa jina langu nikakata namba moja moja, na juu yake nikaandika ya kweli: 640. 811. 1,904. Inachukua muda kukata uongo wa wiki tatu kwa mstari ulionyooka. Mama mmoja anayeishi upande wa ngazi ya pili ya jengo aliingia na kapu lake, akasoma juu ya bega langu bila aibu, akatoka bila kusema neno. Nadhani ndiye Mmoja Wetu.

Tuva na Amir walipofika nikawaambia, nimesimama, mikono nyuma kama mwanafunzi aliyevunja kioo.

Tuva alipigwa na butwaa. "Nilikuwa nawasimulia kazini," akasema. "Nawaambia wagonjwa wakiwa mdomo wazi, kuna mzee kwetu, fundi, anaandika kama moto. Na mimi mwenyewe nilijiona mzembe kwa sababu yako. Nililia bafuni, mzee Birger. Mara mbili."

Hilo sikulijua. Nikamwomba radhi, akatikisa kichwa, akaenda kupakia mashine yake, akafunga mlango wake kwa nguvu.

Amir ndiye aliyenishangaza. Alikuwa anamimina kahawa.

"Mimi nilijua tangu tarehe sita," akasema.

"Ulijuaje?"

"Bwana, mimi kila siku kuna mtu anapanda na tiketi ya jana. Anaionyesha haraka, anatazama dirishani. Nawajua kwa shingo tu."

"Na hukusema kitu?"

"Wengi nawaacha. Nikajua utashuka mwenyewe." Akanisogezea kikombe. "Umepitiliza vituo vingi, lakini."

Solveig aligonga meza kwa mkono wa kushoto. "Mashine inazunguka. Fundi, andika."

Jumanne, 25 Novemba

2,300. Barafu imeshika ghuba yote. Saa tisa mchana giza.

Leo niliuliza swali ambalo lilikuwa limenikaa moyoni. "Unajuaje kitakachofuata?"

"Sijui."

"Sasa unasemaje?"

"Wewe ukikaa hapa ulikuwa unangoja nini?"

"Sentensi nzuri."

Akanitazama kwa huruma ya kweli, kama unavyomtazama mtu aliyekuja kwenye mvua na kandambili. "Nilikuwa napikia watoto mia mbili na kumi. Saa tano na nusu mlango unafunguliwa, wanaingia, wana njaa. Ningengoja supu nzuri?"

Nilimtumikia miaka thelathini huyo mgeni wa heshima anayeitwa sentensi nzuri, na hakuwahi kubisha hodi.

Alhamisi, 27 Novemba

2,090. Mkono wangu umeanza kuuma kidogo, nikamwambia. Akasema, "Vizuri."

Lakini aliniletea barafu.

Ijumaa, 28 Novemba

Nimegundua kitu ambacho naona haya kukiandika. Nafurahia. Nikiamka nawahi kwenda mezani. Napenda kumsikiliza, napenda kalamu ikikimbia, nataka kujua mpishi atafanya nini na yule msimamizi anayewanyima watu siagi. Hakuna hata neno moja langu mle ndani, na sioni upungufu.

Mtu anayetaka kuandika riwaya kweli angeona wivu. Nimeutafuta wivu siku nzima, sijauona.

Jumamosi, 29 Novemba

Tumemaliza.

Sura ya mwisho mpishi anapika supu ya njegere siku ya Jumamosi badala ya Alhamisi, kusudi amuudhi msimamizi, na wanaume arobaini wanaila kimya, wote wanaelewa. Solveig alisimulia polepole, macho amefumba, mkono mbovu mapajani. "Akafunika sufuria. Akavaa koti la mumewe. Akaenda zake." Kisha akanyamaza. Nikangoja.

"Weka nukta," akasema.

Nikaweka. Akafumbua macho akatazama dirishani muda mrefu, na nilipoona mabega yake yanatikisika niligeuza kiti nikatazama rafu.

Akiwa mlangoni, koti mwilini, akauliza, "Na yako? Umebaki na siku moja, lakini Desemba nayo ina siku."

"Sina yangu, Solveig."

"Ndani ya lifti kuna watu wawili, uliniambia."

"Hawana la kuongea. Sikuwahi kuwa na riwaya. Nilikuwa na chumba tu." Na hapo nikamweleza, nimesimama na kishikio cha mlango mkononi, habari za meza ya jikoni na vitambaa na miaka ishirini na sita. Sijawahi kumweleza mtu.

Hakunifariji. Alifunga vifungo vyake kwa mkono mmoja, kimoja kimoja, mpaka cha juu.

"Binti yako anajua?" akauliza.

"Anajua mimi ndiye ninayeongoza."

"Mh," akasema, akashuka.

Jumapili, 30 Novemba

Majilio. Nyota za karatasi zimewashwa madirishani kote. Kikao cha mwisho kimejaa. Wamekuja hata wasioandika, na mama wa ngazi ya pili kaleta biskuti za tangawizi, akala nyingi kuliko sisi sote.

Solveig 50,214. Amir 50,003, anasema abiria wa mwisho alikufa kwa kubanwa na mlango wa basi. Tuva 41,300, hakufika, na anaimba. Ameniambia, "Bado nimekukasirikia, mzee, mpaka Krismasi," kisha akanipa mkate wa zafarani mkubwa kuliko yote. Mimi 3,460.

Mtu mmoja akauliza kama nitaendelea mwakani. Nikasema hapana. Nilisema hivi hivi, mbele ya watu kumi na wanne na mashine tatu: "Mimi siandiki riwaya." Dari haikuanguka.

Bado Malin. Nimeshika simu mara nne leo nikaiweka.

Jumatatu, 1 Desemba

Nilimpigia saa mbili asubuhi, kabla hajaingia kazini. Nilikuwa nimeketi jikoni. Nikamwambia yote kwa mkupuo: namba, mkono wa Solveig, kurasa kumi na moja za droo. Kisha nikafika kwenye lile lenyewe.

"Nilimnyima mama yako chumba kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwepo. Kashona kwenye meza ya kulia chakula maisha yake yote kwa uongo wangu, Malin. Hilo siwezi kulirudisha."

Nilimsikia akifunga mlango wa gari upande wake.

"Baba," akasema. "Mama alijua."

"Alijua nini?"

"Kwamba huandiki. Alifungua droo zamani, mimi niko shule bado. Kurasa kumi na moja, aliniambia, na kumi ni ukurasa ule ule mmoja umeandikwa upya."

Nikaupapasa ukingo wa meza ya jikoni.

"Nilimuuliza mimi mwenyewe. Nikamwambia, basi si uchukue chumba, Mama, unateseka na hivi vitambaa kila siku. Akacheka sana. Akasema, chumba cha nini? Baba yako akijifungia mle hakai robo saa, anatoka kuja jikoni. Anajifanya anatafuta kahawa. Anakaa hapa ananisimulia mambo ya lifti mpaka jioni." Malin akavuta pumzi. "Akasema, nikiwa na chumba changu mimi, na yeye ana chake, nitamwona saa ngapi?"

Nililia kwenye simu, mtu mzima mimi, na Malin akachelewa kazini akiningoja nimalize.